Deni la Mji: Wangazija Ugenini

Marais wawili wa Komoro hawakuzaliwa Komoro. Ali Soilih, aliyeongoza nchi hiyo kuanzia 1976 mpaka alipopinduliwa na kuuawa Mei 1978, na Said Mohamed Djohar, aliyeshika madaraka baada ya Rais Ahmed Abdallah kuuawa Novemba 1989, wote wawili walizaliwa Majunga, bandari ya kaskazini-magharibi mwa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini. Kwingineko jambo kama hilo lingezua maneno kila ukija uchaguzi. Kwa Wangazija mahali pa kuzaliwa si swali la kwanza. Mtu huulizwa mji wake ni upi, na mji wake ni ule wa mama yake.

Ngazija ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vinne vya Komoro, na kina desturi ambayo mgeni aliyezoea jamii nyingine za Kiislamu huchukua muda kuielewa: nyumba ni ya mwanamke. Binti hujengewa na watu wa kwao, mume huja kuishi humo, na wakiachana ni mume anayefunga mizigo na kutoka. Yapo pia mashamba ya manyahuli, ardhi ya ukoo ambayo haigawanywi kama mirathi ya kawaida bali hutoka kwa mama kwenda kwa mabinti. Wanaume tangu zamani wamekuwa watu wa kupanda vyombo kwenda Unguja, Kilwa, Msumbiji na Bukini, na nyumba zikabaki mikononi mwa dada zao. Nadhani wengi walioandika kuhusu uhamaji wa watu hawa hukimbilia umaskini wa ardhi ya mawe ya volkano na uhaba wa maji, mambo ambayo ni ya kweli, wakasahau hili la nyumba. Mtu anayeondoka akiacha nyuma nyumba isiyo yake hawezi kuiuza akamalizana na kwao. Hana ufunguo wa kutia mfukoni.

Hata hivyo nyumba ya dada peke yake haimrudishi mtu. Kinachomrudisha ni ada, na kilele cha ada ni ndoa kuu, ndola nkuu kwa Kingazija. Mwanamume anaweza kuoa kisheria, akapata watoto na wajukuu, akawa mhandisi au waziri. Mjini kwao atabaki mwana wa mji, mtu wa kutumwa, mpaka atimize ndoa kuu, mara nyingi na binti wa mji uleule. Kabla ya siku hiyo amekwishapanda ngazi za hirimu, yaani rika lake, akitoa michango na karamu kwa kila hatua. Siku ikifika hutoa dhahabu ya bibi harusi, ng'ombe, mchele kwa magunia, na fedha zinazogawiwa watu kwa kufuata daraja zao. Upande wa mke hutoa nyumba na vyombo vyake. Sherehe huenda siku nyingi, majlisi za dini zikipokezana na ngoma za akina mama na usiku wa twarabu, muziki ambao Wangazija waliuchukua Unguja mwanzoni mwa karne ya 20.

Akishamaliza, bwana huyu ni mtu mzima. Anavaa joho na kujitanda mharuma, anakaa safu ya mbele msikitini, na ana haki ya kusema bangweni. Bangwe ni uwanja wa mji wenye viti vya mawe, na kila mtu anajua nani hukaa wapi. Hapo ndipo panapoamuliwa nani atozwe faini, barabara ipite wapi, msikiti ujengwe lini. Asiyetoa ada husikiliza tu, hata akiwa na shahada tatu. Na anayegoma kuchangia hutengwa: harusini kwake haendi mtu, na msibani kwake ni hivyohivyo. Mji ni kama daftari la muuza duka. Jina likishaandikwa, kuhama mtaa hakulifuti.

Kwa desturi hii, kuwa ugenini hakukumwondolea mtu wajibu. Kulimwongezea, kwa kuwa aliyetoka hudhaniwa amepata.

Unguja ndiko Wangazija walikojifunza kuishi namna hiyo kwa mara ya kwanza kwa wingi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 masultani wa Ngazija walikuwa wakipigana wao kwa wao, na Wafaransa, waliokuwa wameichukua Maore tangu 1841, wakaingilia hadi wakaviweka visiwa vingine vitatu chini ya himaya yao mwaka 1886. Watu walivuka kutafuta kazi na salama. Walikuwamo mabaharia, wapishi na walinzi, na walikuwamo wanazuoni ambao majina yao bado yanatajwa katika darsa za pwani. Sayyid Ahmed bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, katika ukoo uliotoka Hadhramaut. Sheikh Muhammad al-Maaruf wa Moroni, aliyeishi kati ya 1853 na 1905, alikosana na Sultani Said Ali akakimbilia Unguja, na tarika yake ya Shadhiliya ikaenea Kilwa, Msumbiji na Bukini. Alizikwa Moroni, na kaburi lake likawa mahali pa ziara. Sheikh Burhan Mkelle, mwalimu wa Kiarabu huko Unguja, aliandika tarikh ya kisiwa cha Ngazija kwa Kiarabu. Kazi kama hiyo huandikwa na mtu aliyezungukwa na watoto wanaokua wakisema Kiswahili cha mjini, ambao kisiwa cha babu zao wanakijua kwa kusimuliwa.

Chini ya Mwingereza, Unguja palikuwa mahali pa kupangwa watu kwa mafungu, na fungu uliloandikwa ndilo lililoamua haki zako. Wangazija walikuwa na silaha ya ajabu kidogo: kwa kuwa visiwa vyao vilikuwa vya Mfaransa, walidai ulinzi wa balozi mdogo wa Ufaransa na kukataa kuhesabiwa pamoja na wale ambao serikali iliwaita wenyeji. Isidhaniwe kuwa walimpenda Mfaransa kuliko Mwingereza. Walitumia karatasi iliyokuwapo. Walianzisha jumuiya yao na shule yao, wakasoma sana, wakajaa katika ualimu na ukarani kupita wingi wao. Lakini ubora huo uliojengwa juu ya karatasi ulikuja kuwageuka.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 nafasi yao ilianza kutetereka, na mwaka 1968 serikali ya Zanzibar ilitangaza kwamba Wangazija si raia na kwamba wanaotaka uraia waombe upya. Watu waliozaliwa Unguja, ambao babu zao walizikwa Unguja, wasiojua Kifaransa hata cha kuombea maji, walijikuta wageni. Wengi walipoteza kazi serikalini. Wakatawanyika: Dar es Salaam, Mombasa, Ghuba, Ulaya, na wengine wakaenda Moroni, mji mkuu wa Komoro, ambako walifika na Kiswahili na Kiingereza katika ofisi zilizoendeshwa kwa Kifaransa. Wakati huohuo, ng'ambo ya mkondo, Wangazija waliokuwa Tanganyika walikuwa wamekwisha kuifanya Dar es Salaam makao ya MOLINACO, chama cha ukombozi wa Komoro kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Abdou Bakari Boina. Uhuru wa visiwa hivyo ulianza kudaiwa na wahamiaji, kutoka nchi ya jirani, wakati wanasiasa wa Moroni bado wanazungumza na Paris kwa upole.

Mkondo wa pili ulielekea Bukini. Kuanzia 1912 Komoro iliunganishwa rasmi na koloni la Madagaska na kutawaliwa kutoka Antananarivo hadi 1946. Kwenda Majunga hakukuwa kuvuka mpaka. Ilikuwa kwenda mjini. Wangazija walibeba mizigo bandarini, walilinda nyumba, walifanya biashara ndogondogo, wakajenga misikiti, wakaoa Wamalagasi, na kwa muda mrefu wakawa moja ya makundi makubwa kabisa ya mji ule. Watoto wao waliitwa zanatany, wana wa nchi. Jina hilo lilikuwa na heshima yake, mpaka Desemba 1976.

Kisa kilianza na ugomvi wa majirani uliohusu mtoto mdogo. Kuanzia tarehe 20 ya mwezi huo, kwa siku chache, watu zaidi ya 1,000 wenye asili ya Komoro waliuawa Majunga kwa mapanga, mawe na moto. Waliosalia walijificha katika kambi za jeshi. Komoro ilikuwa imejitangazia uhuru mwaka mmoja na nusu tu nyuma, Julai 6, 1975, haina fedha, na Ufaransa imeondoa watumishi wake. Ikabidi ipokee watu wanaokadiriwa kuwa 16,000 kwa mkupuo. Wengi waliletwa kwa ndege za shirika la Kibelgiji la Sabena, na jina likawaganda: mpaka leo waliorudi wakati ule, na watoto wao, huitwa Wasabena.

Hapa pana somo chungu kuhusu yale ya mji wa mama. Waliokuwa wametunza ada, waliotuma michango na kurudi kuoa, walipokelewa katika nyumba za dada na mama zao wadogo. Waliokaa Bukini vizazi viwili vitatu, waliooa huko na kusahau michango, walishuka uwanjani wakiwa hawana wa kumtaja. Wengine walibaki katika mitaa ya Moroni wakizungumza Kimalagasi, Wangazija kwa serikali na Wamalagasi kwa jirani. Na ada yenyewe, wakati wanafika, ilikuwa imepigwa vita na kiongozi aliyezaliwa kulekule walikotoka.

Ali Soilih alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyegeuka mwanamapinduzi. Aliona ndoa kuu ni jiwe shingoni mwa nchi: watu wanalima maisha yao yote kwa ajili ya karamu ya wiki mbili. Alizipiga marufuku sherehe hizo za gharama, akawapa vijana wa mitaani mamlaka juu ya wazee wa bangwe, akawaachisha kazi watumishi wa serikali, na nyaraka za utawala zikachomwa moto. Simlaumu kwa hesabu zake. Mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi angefikia jumla ileile. Ila alidhani ada ni anasa, kumbe ilikuwa pia ndiyo bima, ndiyo siasa, ndiyo orodha ya nani ni nani. Mamluki wa Mfaransa Bob Denard walipotua Mei 1978, miji haikumtetea. Ndoa kuu zilirudi kwa kishindo, na safari hii fedha zake hazikutoka Majunga wala Unguja. Zilitoka Marseille.

Waliotangulia Marseille walikuwa mabaharia. Meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilizokuwa zikienda Madagaska na Réunion ziliwachukua Wakomoro kama wachochea makaa, wapishi na watumishi wa vyumba, na kati ya safari na safari walipanga vyumba karibu na Bandari ya Zamani, katika mtaa wa Belsunce, wanne watano chumba kimoja. Walikuwa wanaume watupu, wenye mishahara ya uhakika na likizo za kurudi. Kwao Ngazija walikuwa mabwana harusi wa kutajwa. Meli za abiria zilipoachwa kwa ajili ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliingia katika kazi za nchi kavu: jikoni, bandarini, kufagia. Ufaransa ilifunga mlango wa wafanyakazi wageni mwaka 1974, lakini familia ziliendelea kuwafuata waliokwisha kukaa, na wengi walikuwa na pasipoti ya Ufaransa tangu enzi za ukoloni. Jamii ikahamia mitaa ya kaskazini ya jiji, Félix Pyat, La Savine, na majengo mengine marefu yenye lifti zisizofanya kazi. Leo Wakomoro wa Marseille huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na mji huo unatajwa kuwa na Wakomoro wengi kuliko mji mwingine wowote nje ya visiwa. Wapo wanaouita kisiwa cha tano.

Walichokifanya pale kinastahili kuangaliwa kwa makini. Hawakuanzisha chama kimoja cha Wakomoro wote chenye mwenyekiti na katiba. Vyama vya namna hiyo vimekuwapo na vingi vimekufa kwa ugomvi. Walijipanga mji mmojammoja. Kila mji wa Ngazija, hata ule wenye kaya mia chache, una jumuiya yake Marseille, na mara nyingi nyingine Paris. Ndani ya jumuiya hirimu ziko vilevile, na daraja za bangweni zinaheshimiwa katika ukumbi wa kukodi siku ya Jumapili. Mweka hazina anajua nani ametoa na nani hajatoa. Majlisi na usiku wa twarabu huandaliwa kukusanya fedha, na jina la mtoaji husomwa kwa sauti pamoja na kiasi alichotoa. Fedha hizo zimejenga shule, zahanati, misikiti mikubwa ambayo mgeni huistaajabia katika vijiji vidogo, zimeleta nyaya za umeme na kutia lami vipande vya barabara ambavyo serikali iliahidi uchaguzi baada ya uchaguzi. Kwa makadirio ya miaka ya karibuni, fedha zinazotumwa na walioko nje ni karibu moja ya tano ya pato la taifa la Komoro. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro, yuro moja ni faranga 492 kasoro kidogo, kwa hiyo anayetuma anajua hasa kitakachofika. Nyingi hazipiti benki. Hubebwa na msafiri, katika bahasha yenye jina.

Habari nazo zilikuwa na njia zake. Kabla ya simu za mkononi, kaseti za sauti zilisafiri na watu, mama akisalimia upande mmoja wa utepe na mwana akijibu upande wa pili. Zikaja kanda za video za harusi, saa nyingi mfululizo, ambazo familia za Marseille zilizitazama bila kuruka kipande, maana kilichotafutwa si bibi harusi. Walikuwa wakitazama nani alikaa wapi, nani alipewa nini, nani hakuonekana. Sasa hayo yote hupita katika simu, papo hapo, na mtu aliye zamu ya usiku hospitalini anaweza kubishana na hirimu yake juu ya idadi ya ng'ombe.

Akina mama ndio wameushika mtandao huu zaidi ya wanavyotajwa. Mwanamume hutangazwa bangweni, lakini dhahabu, vitambaa na vyombo hununuliwa kwa mchango wa wanawake, ule wa kupokezana, kila mwezi mmoja wao akichukua chungu kizima. Wengi wao husafisha ofisi na hoteli, kazi za alfajiri. Na kwa kuwa nyumba ni ya binti, mama na baba walioko Marseille huanza kujenga Ngazija mara tu mtoto wa kwanza wa kike anapozaliwa: mwaka huu msingi, baada ya miaka mitatu kuta, na nondo hubaki zimesimama juu ya paa zikingoja fedha za ghorofa.

Kilichobadilika ni kalenda. Zamani harusi zilifuata mavuno na miezi ya Kiislamu. Siku hizi msimu wa ndoa kuu ni Julai na Agosti, kwa sababu ndipo shule za Ufaransa zinapofungwa. Watu wa Ngazija wana jina la wanaotua wakati huo, wenye masanduku mazito na Kifaransa cha haraka: wanaitwa "je-viens". Ndani ya jina hilo mna mapenzi na kejeli kwa kipimo sawa. Wakija, bei ya samaki hupanda. Wakiondoka, mji hulala.

Mwaka 1995 uliwaonyesha Wakomoro kwamba mipaka inaweza kuwafuata pande zote mbili. Januari mwaka huo serikali ya Waziri Mkuu wa Ufaransa Édouard Balladur iliweka viza kwa Mkomoro anayetaka kuingia Maore, kisiwa ambacho wapiga kura wake walikataa uhuru katika kura ya 1974 na kubaki na Ufaransa. Kabla ya hapo mtu wa kisiwa cha Nzwani alivuka bahari ya kilomita 70 hivi kwenda kumtembelea dada yake au kuuza ndizi. Baada ya hapo alivuka usiku kwa kwassa-kwassa, mashua ndogo ya fibagilasi iliyosheheni, na maelfu wamezama. Anayefika akikamatwa hurudishwa. Katika miaka mingi waliofukuzwa kutoka Maore wamepita 20,000 kwa mwaka, na wengi hurudi tena kwa sababu watoto wamebaki ng'ambo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kuwa mshikamano wa Wakomoro hushinda mpaka wowote. Ule wa Marseille unashinda kwa kuwa wenyewe wana pasipoti na tiketi ya kurudi. Mama wa Nzwani aliyejificha katika vibanda vya mabati vya Kawéni, Maore, hawezi kwenda kwao kuzika wala kuoza, maana akitoka atalazimika kuweka roho yake rehani ili aingie tena. Mapenzi yake kwa kwao si pungufu. Ni njia iliyofungwa.

Mwezi mmoja baada ya viza hiyo, usiku wa Februari 21, 1995, kijana wa miaka 17 wa La Savine, Ibrahim Ali, alikuwa akikimbilia basi na wenzake baada ya mazoezi ya kikundi chao cha rap, B-Vice. Watu watatu waliokuwa wakibandika mabango ya Front National, chama cha mrengo mkali wa kulia, walikuwa njiani, na mmoja wao akampiga risasi ya mgongoni. Alikufa palepale. Vijana wa Kikomoro wa Marseille ambao wazazi wao walikuwa wakihesabu miaka wakisubiri kurudi, walielewa usiku ule kwamba wana jambo la kudai pia hapo walipo. Kila mwaka waliendelea kukusanyika mahali alipoanguka, na mwaka 2021 jiji likaipa barabara ile jina lake. Kutoka mitaa hiyohiyo alitokea Saïd M'Roumbaba, anayejulikana kama Soprano, mmoja wa wasanii wa rap wanaouza sana nchini Ufaransa.

Halafu ikaja ajali. Juni 30, 2009, msimu wa harusi ukiwa ndiyo kwanza unafunguka, ndege ya Yemenia safari namba 626 ilianguka baharini ikikaribia Moroni. Abiria wengi walikuwa wameanzia Paris na Marseille kwa ndege mpya, wakahamishiwa Sanaa kwenye ndege kuukuu. Kati ya watu 153 alisalimika mmoja tu, binti wa miaka 12, aliyeshikilia kipande cha ndege usiku kucha katika mawimbi. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliokufa. Wakomoro wa Marseille walikuwa wamekwisha kulalamikia hali ya safari hizo kabla ya hapo, na siku zilizofuata walizuia abiria kupanda ndege za kampuni hiyo. Kesi ilichukua miaka 13: Septemba 2022 mahakama ya Paris iliitia kampuni hiyo hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kuna miji Ngazija ambayo siku ile ilipoteza bwana harusi, mashahidi wake na waliobeba dhahabu, wote katika ndege moja.

Mwaka huohuo wa 2022 Komoro ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Kameruni. Kocha, Amir Abdou, ni mzaliwa wa Marseille, na sehemu kubwa ya wachezaji walizaliwa au kukulia Ufaransa. Januari 18 waliifunga Ghana 3–2 na kuiondoa mashindanoni. Katika mchezo uliofuata dhidi ya wenyeji hawakuwa na kipa hata mmoja mzima, kwa majeraha na korona, wakamweka beki, Chaker Alhadhur, golini. Walifungwa 2–1, na bao lao la mpira wa adhabu lilipigwa kutoka mbali na Youssouf M'Changama wa Marseille. Wachezaji hawa wangeweza kusubiri wito wa Ufaransa ambao pengine usingekuja; wengine walisema waziwazi kuwa walikuja kwa ajili ya wazazi. Bangwe za Ngazija zililipuka kwa shangwe, na kwa jioni ile hakuna aliyeuliza kama M'Changama ametoa ada.

Swali hilo linaulizwa siku nyingine, na majibu hayafanani. Kijana aliyezaliwa Marseille, mwenye mkataba wa kazi na watoto wawili, huulizwa na mjomba wake lini atatimiza, na gharama ni makumi ya maelfu ya yuro. Wapo wanaokataa na kukubali kubaki wana wa mji maisha yao yote, kwa kuwa hawana nia ya kusema bangweni. Wapo wanaofanya nusunusu. Miji kadhaa imejaribu kuweka ukomo wa karamu na dhahabu, na ukomo huo huvunjwa na tajiri wa kwanza anayetaka kukumbukwa. Wengi hungoja mpaka miaka ya hamsini, wakaoa kwa kishindo mke ambaye wameishi naye miaka 25 na kuzaa naye watoto wanaokuja kupiga picha. Na wasio na akiba huchukua mikopo ya matumizi katika benki za Ufaransa, mmoja juu ya mwingine, kiasi kwamba baadhi yao hufikia kustaafu wakiwa bado wanalipa kila mwezi bei ya ng'ombe walioliwa miaka mingi nyuma.